Nahodha Sudi Hakufa

Jumamosi, 3 Machi 1990

Mvua ya kwanza ya masika imeninyeshea nikitoka kwa Bi Kidawa, na nimeingia chumbani na kanga yangu iliyorowa, nimefunga mlango. Daftari hili ni la kazini, la kuandikia namba za simu. Kuanzia leo litakuwa na kazi nyingine, maana naogopa na sina wa kumwambia.

Habari yenyewe ni ya furaha. Bi Kidawa ametangaza mbele ya wanawake kumi na saba, tumebanana sebuleni kwake, kwamba mpwa wake wa kike, Shamsi, anakuja kutoka Maskati kula Sikukuu, na analeta kanda ya video ya Safina ya nne. Vigelegele vilipigwa mpaka wanaume waliokaa barazani chini wakauliza nani kaposwa. Mwatum, anayekuja kila Jumamosi kutoka Fumba na kikapu chake cha dagaa, alisimama akacheza peke yake. Mimi nilipiga makofi kama wenzangu.

Safina ni jina tulilolipa sisi. Lenyewe ni la Kizungu, refu, na hakuna anayelihitaji. Ni hadithi ya watu wanaosafiri kwa chombo baina ya nyota, na mimi ndiye mfasiri wake. Nafanya kazi kwenye mitambo ya simu, nawaunganisha watu na Dubai na London, kwa hiyo Kiingereza ninacho. Naketi mkekani ubavuni mwa televisheni na kusema kwa Kiswahili kila kinachosemwa mle ndani. Majina pia nimewapa mimi. Rubani kijana ni Nahodha Sudi. Mashine inayomfuata kila mahali ni Bati. Mama yake Sudi, anayebaki nyumbani na kuwasha taa dirishani kila mwanawe anaposafiri, ni Bi Mkubwa. Mwatum huisimulia upya Fumba, na huko yupo mtoto wa miaka miwili anaitwa Sudi kwa sababu yangu.

Sasa niandike lile ambalo sijalitamka kwa mtu. Katika Safina ya tatu Nahodha Sudi alikufa. Chombo chake kilimezwa na jua. Mama yake alizika glavu zake kwenye sanduku, watu wamesimama wamevaa nyeusi, kisha akarudi nyumbani akaizima taa ya dirishani, na filamu ikaisha. Ndivyo ilivyokuwa, na sivyo nilivyosema.

Ilikuwa mwaka 1987. Aliyekaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu, ni Bi Biasha. Mwanawe Tamim alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo, na mwaka uliotangulia meli ile ilitoka bandari moja isifike nyingine. Wiki hiyohiyo Bi Biasha alikuwa ameshakubali isomwe hitma, kumwombea kama marehemu, watu wameshaalikwa. Jua lilipommeza Sudi, alinishika mkono akaniuliza, "Kafa?" Nikamtazama usoni nikasema, "Hajafa. Kapotea tu, yuko njiani."

Nikishasema hilo, ilibidi niseme na mengine. Lile sanduku? Nikasema sayari ile hawana makabati, vitu vya msafiri huwekwa ardhini visiibwe. Zile nguo nyeusi? Sare ya kuombea dua. Na taa ilipozimwa? Nikasema umeme umekatika. Wanawake wakacheka sana, "Kumbe na huko!" Hitma haikusomwa. Bi Biasha alikwenda nyumbani akazitia nguo za Tamim katika sanduku la mbao, akalipiga kufuli, anamwekea.

Shamsi amesoma Maskati. Kiingereza chake ni bora kuliko changu na Safina zote ameshaziona. Atakaa mkeka mmoja na mimi.

Jumapili, 4 Machi

Mvua. Sikulala vizuri.

Jumatano, 7 Machi

Bi Biasha amenifuata kazini. Nilimwona akipanda ngazi na mwavuli wake wenye ubavu uliovunjika, nikatamani kujificha chini ya meza.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba, mwanangu. Kidawa kanambia. Sudi anarudi."

"Hatujui kama anarudi. Hatujaiona bado."

"Si weye uliyesema yuko njiani? Miaka mitatu mtu yuko njiani, hajafika tu?" Akacheka, akanipa vitafunio, ladu mbili, ndani ya karatasi. "Nguo za Tamim nshazianika kabla mvua haijaja. Nimezifukiza udi, ukizinusa utadhani kazivua jana."

Alipoondoka nilimuunganisha mtu wa Dubai na mtu wa Mombasa wasiojuana, wakagombana dakika nzima kabla sijatambua.

Jumamosi, 17 Machi

Tumerudia Safina ya pili, kujikumbusha. Nimefasiri kila neno kwa uaminifu kama mtu aliyeapishwa, lakini ya pili haina kifo.

Kwenye ngazi nilikutana na Reem, mke wa Tamim, anayeishi na mkwewe Bi Biasha na kushona nguo za watu. Hajapata kuja kutazama hata siku moja. Nilimuuliza kama atakuja Sikukuu.

"Mambo ya nyota hayanihusu," akasema. "Mimi ya hapa chini yamenishinda."

Mama ameniambia kisa chake. Mwalimu Zahor, aliyefiwa na mkewe, anataka kumwoa, na Reem amekwenda kwa kadhi kuomba ndoa yake na Tamim ivunjwe kwa kuwa mume hajulikani alipo mwaka wa nne huu. Kadhi amemwita Bi Biasha. Bi Biasha akasema mwanangu yu hai. Kadhi amewapa tarehe nyingine, Jumatatu ya 7 Mei, baada ya Sikukuu. Nimemwona Reem hana haya. Mama wa mtu anaanika nguo za mwanawe, na yeye anaulizia mume mwingine.

Jumanne, 20 Machi

Umeme hakuna siku ya tatu. Namshukuru Mungu.

Jumatano, 28 Machi

Leo tumefunga. Bi Kidawa ameifunika televisheni kwa kitambaa cha meza mpaka Sikukuu, kama anavyofanya kila Ramadhani. Nilidhani nitapata mwezi wa kupumua. Lakini jioni, nikikuna nazi ya futari, nilimsikia shekhe kwenye kipaza sauti cha msikitini akisema asiyeacha maneno ya uongo, Mwenyezi Mungu hana haja na njaa yake. Nikaacha kukuna. Mama akaniuliza kama nimejikata.

Alhamisi, 5 Aprili

Barua ya Shamsi imefika. Bi Kidawa husoma herufi za Kiarabu tu, na Shamsi siku hizi anaandika kwa za Kizungu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitwa kuisoma, baada ya alasiri, wanawake sita wananisikiliza huku wakichambua mchele. Bi Biasha alikuwa mmoja wao.

Salamu zilikwenda vizuri. Kisha Shamsi akaandika kuhusu filamu, nami macho yalitangulia mdomo. Nanakili hapa maneno yake: "Shangazi, huku watu wamekasirika vibaya sana. Shuleni kwetu hakuna anayezungumza jingine. Mwalimu wetu wa Kihindi amesema waliotengeneza hawana heshima. Wasichana wa darasa letu wameandika barua ya malalamiko, tumetia sahihi thelathini na wawili. Yule rubani aliyekufa wamemfufua! Mtu kazikwa, tumelia, leo anarudi ati aliokotwa ndani ya barafu. Tena wamempaka Bati rangi ya kijani."

Mistari ya rubani niliiruka yote, nikaenda moja kwa moja kwenye kijani.

"Kijani?" Bi Kidawa akaacha mchele. "Bati kijani? Nani kawapa ruhusa?"

Waligombana saa nzima kuhusu rangi ya Bati. Mmoja alisema kijani ni rangi ya heri, mwingine akasema Bati ni bati na bati halipakwi. Mimi nilikuwa nimeikunja barua mkononi mpaka ikalowa jasho. Uongo mwingine, nami nimefunga.

Jumapili, 8 Aprili

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Kwanza nilicheka, peke yangu, chumbani. Huko Maskati wanalia kwa kuwa maiti amefufuka, na hapa mtaani Kiponda hakuna atakayeshangaa, maana kwetu hakupata kufa. Niliyoyasema kwa hofu mwaka 1987 wenye filamu wameyatimiza wenyewe. Shamsi anaweza kukaa mkekani mpaka mwisho wa dunia, nani atamsikiliza? Nimeponea chupuchupu.

Kisha nikaikumbuka tarehe 7 Mei, na kicheko kikanikauka. Bi Biasha atamwona Sudi akirudi kwa mama yake. Atakwenda kwa kadhi na moyo wa chuma.

Ijumaa, 13 Aprili

Mvua kubwa, mitaro imejaa, maji yameingia mpaka kwenye ukumbi wa chini. Reem amekuja nyumbani kabla ya magharibi, viatu mkononi. Hakukaa.

"Dada Lamya, sikuja kukulaumu. Mama anakusikiliza weye tu. Mtu mwengine akimwambia kitu, anasema Lamya hakusema hivyo."

"Mimi nafasiri filamu tu, Reem."

"Najua. Nshamwambia filamu si msahafu. Ananambia weye una Kiingereza na mimi sina." Akaikamua ncha ya buibui lake lililolowa. "Watu wanasema nataka mume. Hata sitaki kuwaza mume. Kila asubuhi nafungua macho sijui nikae eda ya mjane au nijitie wanja. Miaka minne, dada. Na mama pia. Unadhani anapoanika zile nguo hakai kitako akalia? Halafu anajikaripia mwenyewe, ati kulia ni kumtabiria mtoto."

Nilitaka kumwambia palepale. Nilifungua mdomo, ikaadhiniwa magharibi, akasema "Ntachelewa kumfuturisha mama," akashuka ngazi mbiombio akiwa na njaa yake. Nimebaki na maneno yake. Nilimwona hana haya. Anayestahili kuona haya amekaa hapa anaandika, na ladu za Bi Biasha alizila.

Ijumaa, 20 Aprili

Leo nilikwenda kumwambia. Nilijipangia maneno tangu daku, nikayakariri kama mtoto wa chuoni. Bi Biasha alikuwa amekaa chini sebuleni, na mapajani mwake kanzu mpya nyeupe, anaidarizi shingoni kwa mkono wake mwenyewe, kazi ya wiki nyingi kwa macho yale.

"Ya Tamim," akasema. "Sikukuu hii nimeona nimshonee. Hebu simama, nyinyi mlikuwa kimo kimoja."

Akaipandisha begani kwangu kupima urefu. Nilisimama kama mti, kanzu ya maiti inanigusa shingo, au ya mtu aliye hai, Mungu ndiye ajuaye, na hapo ndipo nilipohisi ukubwa wa nililolifanya. Sikumwambia. Nilisema imemkaa vizuri. Niliogopa atafia mikononi mwangu, na niliogopa zaidi ataishi akinitazama.

Alhamisi, 26 Aprili

Shamsi amefika kwa ndege ya mchana. Ana miaka kumi na minane, anatafuna ubani kwa sauti, na kanda anayo ndani ya pochi yake, hampi mtu. Alinisalimia kwa heshima. "Shikamoo, dada Lamya. Nasikia weye ndiye mfasiri. Ntakaa karibu yako, nikusaidie pale patakapokushinda."

Mwezi umeandama. Mama anaimba jikoni.

Ijumaa, 27 Aprili

Idi. Nimekula tambi kijiko kimoja.

Jumamosi, 28 Aprili

Niandike yote kama yalivyokuwa, bila kuongeza.

Tulikuwa wanawake zaidi ya thelathini, wengine wamekaa mpaka kwenye ngazi na kutazama kupitia mlangoni. Mwatum alileta wenzake wanne kutoka Fumba, na yule mtoto Sudi akiwa mgongoni mwa mama yake. Bi Kidawa alichoma udi. Reem alikuwepo. Alikaa pembeni, karibu na dirisha, bila nguo ya kushona mkononi. Nadhani alikuja kunitazama mimi. Bi Biasha alikaa palepale pake, magoti kwa magoti. Shamsi kushoto kwangu.

Bati alipotokea, kijani kama ndimu, sebule ililipuka. "Hasha! Si yeye huyo!" Mwatum alisema amefananizwa na jini. Bi Kidawa alisema ataizoea. Waligombana hadi ikanibidi nirudishe kanda nyuma, na kwa dakika chache niliwapenda wote na nikasahau.

Kisha wakamwokota Sudi ndani ya barafu. Vigelegele. Mtu alirusha njugu. Bi Biasha hakupiga kigelegele, alinishika mkono kama mwaka ule, na vidole vyake vilikuwa baridi. Shamsi aliguna, "Upuuzi mtupu, mtu kaungua ndani ya jua," lakini katika kelele zile hakuna aliyemsikia ila mimi.

Filamu ilikwenda. Vita, nyota, safari. Nilifasiri vizuri, sijui vipi. Mwishoni kabisa Sudi akatua sayari ya kwao. Akatembea kwa miguu kwenye vumbi, akafika mbele ya nyumba ya mama yake. Dirisha lilikuwa na giza. Akasimama, akalitazama.

"Lamya," Bi Biasha akasema. "Taa mbona imezimwa?"

Wanawake wawili walicheka. "Umeme haujarudi tu, Bi Biasha, miaka mitatu!" Lilikuwa jibu langu mwenyewe, limetunzwa, nimeletewa mkononi. Ningeweza kuitikia tu kwa kichwa. Sudi alikuwa ameshabisha, mlango umeanza kufunguka, mama yake anaonekana, anafungua mdomo aseme. Nilinyoosha mkono nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Picha ikabaki inatetemeka.

"Aliizima yeye mwenyewe," nikasema. "Katika ya tatu. Umeme haukukatika."

"Aliizima kwa nini?"

"Kwa sababu mwanawe alikuwa amekufa. Lile sanduku lilikuwa maziko. Zile nguo zilikuwa za msiba. Mimi nilisema uongo, Bi Biasha. Filamu ilisema kafa, na mimi nikasema yuko njiani."

Sauti yangu ilikuwa inapanda juu na siwezi kuishusha. Halafu Mwatum akainuka.

"Kafa wapi? Huyu si yeye kasimama mlangoni? Sote tunamwona!"

"Kweli alikufa," Shamsi akasema. "Ndiyo maana watu Maskati wamekasirika."

"Basi na Maskati waongo! Lamya, leo ndio unasema uongo. Siku zote ulisema kweli, na kweli yenyewe hii hapa, kwenye kioo. Kijicho gani hicho, siku ya Sikukuu?"

Kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Mama wa mtoto Sudi alikuwa analia kwa hasira, ati nimempa mwanawe jina la maiti. Bi Kidawa aliizima televisheni kwenye swichi ya ukutani. Mimi nilikuwa namtazama Bi Biasha. Alikuwa ameuachilia mkono wangu. Aliinuka taratibu akishika bega la aliyekaa jirani, akavaa buibui lake, akapita katikati yao wote bila kugusa mtu. Reem alimfuata. Mlangoni Reem aligeuka akaniangalia, na sikuweza kusoma uso wake.

Jumapili, 29 Aprili

Bi Kidawa ametuma neno nisiende kwake kwa sasa. Sokoni Darajani, muuza ndimu ameniuliza kama ni kweli nimemuua Nahodha Sudi.

Jumanne, 1 Mei

Mlango wa Bi Biasha umefungwa siku ya tatu. Dirisha pia. Mvua haikati. Nimepita mara nne, sikuthubutu kubisha. Nawaza kama ameanguka humo ndani, kama amegoma kula, kama nitasikia tangazo la kifo msikitini na nitajua sababu yake ni mimi. Kazini kila simu ikilia nashtuka.

Alhamisi, 3 Mei

Reem amekuja kuniita kazini. "Mama anakutaka kwa Bi Kidawa. Sasa hivi." Nilimuuliza mara tatu njiani kama mama yu mzima. Alisema, "Utamwona."

Alikuwa amekaa mbele ya televisheni, peke yake. Bi Kidawa alitufungulia deki ya video, akatoka akafunga mlango bila kunisalimia. Nilimpigia Bi Biasha magoti, nikambusu mkono, nikasema nisamehe.

"Weka ya tatu," akasema. "Mwisho wake. Sema kilichosemwa, hicho tu."

Nikaiweka. Kanda ikakataa kuingia, Reem akanisaidia. Jua likammeza Sudi. Nikasema, "Wanasema hakuna aliyepona." Watu wakasimama na nguo zao nyeusi. Nikasema, "Huyu anamwombea rehema. Yule anasema alikuwa rafiki mwema." Bi Mkubwa akaziweka glavu sandukuni, akasema maneno machache. Mwaka 1987 niliyageuza kuwa maagizo kwa mlinzi.

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Sina mwili wake wa kuuosha. Nina hizi tu.'"

Bi Biasha alivuta pumzi kwa kelele. Reem aliweka mkono mgongoni kwake, naye hakuutoa. Bi Mkubwa akarudi nyumbani, akasimama mbele ya dirisha.

"Hapo je?"

"'Nimechoka kuiwasha. Atakayeweza kurudi, atarudi hata gizani.' Halafu anazima."

Filamu ikaisha, chengachenga nyeupe zikajaa kiooni. Niliogopa kumtazama. Nilimsikia akilia, kwanza kwa chini, kisha kwa sauti, kilio cha maziko hasa, kile ambacho nilimnyang'anya miaka mitatu iliyopita nikadhani nimempa zawadi. Reem alilia naye. Mimi nilikaa, kidole kwenye kitufe.

Alipotulia alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Ulinionea huruma," akaniambia.

"Ndiyo, Bi Biasha."

"Usinionee tena." Akaitazama televisheni. "Yule mama aliizima taa, na mwana akarudi vilevile. Kuzima hakukumzuia."

"Hakukumzuia."

"Mie nliogopa," akasema. "Nliogopa nikisoma hitma ndio nimemuua mimi."

Jumatatu, 7 Mei

Nilisindikizana nao kwa kadhi, Bi Biasha kaniagiza. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nilikaa nje kwenye benchi na roho mkononi, maana mtu aliyelia Alhamisi anaweza kuamka Jumatatu na moyo mwingine. Niliisikia sauti yake kupitia mlango, ndogo lakini thabiti.

"Shekhe, mwezi wa pili nlisema mwanangu yu hai. Nlisema kwa sababu nlitaka. Ninachokijua ni kuwa meli haikufika, na barua haikuja, na miaka ni minne. Huyu binti kanitumikia kuliko niliyemzaa. Mfungulieni."

Kadhi ameamua Tamim ahesabiwe amekufa, na Reem akae eda kuanzia leo. Walipotoka, Bi Biasha alimwambia mbele yangu, "Eda utakaa kwangu. Ukimaliza, ntakutoa bibi harusi mie mwenyewe, kwa mkono wangu." Reem akainama akambusu mkono. Hitma itasomwa Alhamisi. Kanzu mpya anapewa muadhini wa msikiti wetu.

Tulirudi watu watatu chini ya mwavuli mmoja mbovu, Bi Biasha katikati. Tulipokaribia nyumbani kwake alisimama.

"Lamya. Ile ya nne. Mama yake alipofungua mlango, alimwambia nini?"

Nilikuwa nimeisimamisha kabla hajasema, na tangu siku ile sijaiona. Maneno matano mazuri yalinijia papo hapo, yamejipanga mdomoni, lolote kati ya hayo lingemfaa.

"Sijui, Bi Biasha," nikasema. "Shamsi anajua. Nikamuulize?"

Alinitazama, mvua inanidondokea mimi kwenye bega lililo nje ya mwavuli.

"Acha," akasema. "Mie najua. Alimwambia, 'Umechelewa, mwanangu. Chakula kimepoa.'"

Akatoa funguo, akafungua mlango, akatuambia tuingie tule.